Dk. Adriano Atiman, Tabibu wa Karema

Waamini wa magharibi mwa Tanzania, kuanzia Tabora hadi ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, wanalijua jina la Dk. Adriano Atiman. Hospitali ya Kanisa mjini Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Mara nyingi anatajwa kwanza kuwa mtoto aliyeuzwa utumwani akakombolewa, kisha kuwa katekista mwaminifu. Yote mawili ni kweli, nasi tutayaeleza. Lakini tungependa msomaji amtazame pia kama tabibu, kwa sababu katika jumuiya zetu ndogondogo waamini huulizana mara kwa mara ni hospitali ipi mgonjwa apelekwe kupasuliwa, na majibu huhusu ukubwa wa jengo, mashine mpya, au upole wa wauguzi. Kuna swali moja ambalo kwa kawaida haliulizwi: kati ya watu mia waliopasuliwa humo mwaka jana, ni wangapi ambao vidonda vyao vilitunga usaha?

Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 kandokando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi inayoitwa leo Mali. Alipokuwa mtoto mdogo alitekwa na wawindaji wa watumwa, akavushwa jangwa la Sahara kutoka mkono hadi mkono mpaka Metlili, kusini mwa Algeria. Huko, mwaka 1876, Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe, walimlipia fidia akawa huru. Alikuwa na umri wa miaka kumi hivi. Shirika lenyewe lilikuwa changa bado. Askofu Mkuu Charles Lavigerie wa Algiers alikuwa amelianzisha mwaka 1868.

Lavigerie alikuwa na wazo ambalo watu wengi wa zama zake waliliona geni. Aliamini kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe, na kwamba mtu wa kwanza kufunguliwa mlango katika kila nyumba ni yule anayeweza kutibu. Basi akachagua vijana kutoka miongoni mwa watoto waliokombolewa, akawapeleka kisiwani Malta kuanzia mwaka 1881 wasomee utabibu kwenye Chuo Kikuu cha huko, ili baadaye warudi Afrika wakiwa makatekista na matabibu kwa pamoja. Walipomaliza masomo, baadhi yao walitumwa Uganda na wengine katika nchi zilizoizunguka Ziwa Tanganyika. Atiman alikuwa mmoja wao.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie kidogo, kwa sababu miaka ile ya Malta haikuwa miaka ya kawaida katika historia ya tiba. Kijana aliyesoma utabibu miaka ishirini tu kabla yake angefundishwa kwamba usaha katika kidonda ni jambo la kutarajiwa, na kwa walimu wengine hata ni dalili njema. Daktari wa upasuaji alivaa koti lililokauka damu ya wagonjwa waliotangulia, wala hakuona aibu. Mgonjwa alipokufa kwa homa siku ya sita, ilisemwa kuwa hewa ya wodi ni mbaya, au kuwa ndiyo kudra ya Mungu.

Aliyeanza kuipinga hali hiyo kwa hesabu alikuwa Ignaz Semmelweis, daktari Mhungaria katika hospitali kuu ya Vienna. Hospitali hiyo ilikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Katika ya kwanza walifanya kazi madaktari na wanafunzi wao, na katika ya pili wakunga. Kila aliyetazama madaftari aliona kwamba akina mama wa wodi ya madaktari walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko wale wa wakunga, na wanawake maskini wa mji walilijua hilo hata wakalia wakiomba wasipelekwe huko. Semmelweis alitambua kwamba madaktari walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwahudumia wazazi. Katikati ya Mei 1847 akaamuru kila mmoja anawe mikono kwa maji yenye klorini. Mwezi Aprili mwaka ule walikuwa wamekufa akina mama 18 kwa kila 100. Mwezi Juni walikufa 2 hivi. Wakubwa wake hawakufurahi, maana hesabu ile iliwaambia kwamba mikono yao ndiyo iliyoua. Semmelweis alifariki tarehe 13 Agosti 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, kwa sumu iliyoingia damuni kutoka kwenye kidonda chake mwenyewe. Siku moja kabla yake, tarehe 12 Agosti, mjini Glasgow, daktari Joseph Lister alikuwa amemfunga mvulana wa miaka 11 mguu uliovunjika na kutoboka, kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki. Mguu ule ulipona. Baadaye Lister naye akatoa hesabu yake: kabla ya kutumia dawa hiyo, kati ya watu 35 aliowakata viungo walikufa 16, baada ya kuanza kuitumia, kati ya 40 walikufa 6.

Atiman alizaliwa wakati huohuo hasa, na aliposoma Malta elimu ya vijidudu vya maradhi ilikuwa moto. Mwaka 1882 Robert Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu. Miaka hiyohiyo, daktari wa Scotland, Alexander Ogston, alikuwa amekwisha kuvionesha vijidudu vinavyotunga usaha, vile vinavyokaa kama kishada cha zabibu. Na mwaka 1887, kisiwani Malta kwenyewe, daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alitoa kwenye wengu wa askari waliokufa kijidudu cha ile homa iliyokisumbua kisiwa kwa karne nyingi. Huyo Bruce tutakutana naye tena. Kwa hiyo kijana aliyetekwa Timbuktu alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza waliofundishwa utabibu wa zama mpya, ambao ndani yake usafi wa mkono, kisu na kitambaa ni nusu ya dawa.

Mwaka 1888 masomo yalikwisha. Ulikuwa mwaka wa kelele kubwa juu ya utumwa: mwezi Mei Baba Mtakatifu Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil waraka wa kuulaani, na mwezi Julai Lavigerie, wakati huo akiwa Kardinali, akaanza kuhubiri dhidi yake katika miji ya Ulaya. Mwaka huohuo Atiman akaanza safari ya kwenda bara pamoja na msafara wa wamisionari walioandamana na Askofu Léonce Bridoux. Pwani ilikuwa inachafuka, kwa maana vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilikuwa vinaanza, lakini msafara ukapita, ukashika njia kuu ya kuelekea Unyanyembe.

Sisi tunaoishi kandokando ya njia ile tumezoea kuizungumzia kwa sifa ya miembe na ya nguvu za wapagazi wa Kinyamwezi, na ni haki yao. Lakini tabibu alipoitazama aliona kitu kingine, aliona miguu. Mpagazi alibeba karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akatembea pekupeku zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani hadi Tabora kwa muda wa miezi mitatu hivi, na wengi waliendelea mbele mpaka Ujiji. Mwiba, jiwe au kamba ya mzigo ilitosha kufungua ngozi, na vumbi na inzi vikafanya mengine. Donda ndugu lilikula nyama mpaka mfupa. Mateka waliofungwa minyororo walikuwa na vidonda shingoni na kwenye vifundo. Katika miaka ileile funza, aliyeletwa Angola na meli kutoka Brazil yapata mwaka 1872, alikuwa akilivuka bara kufuata misafara kuja upande wetu, akitoboa vidole na kuacha matundu ambayo pepopunda iliingilia. Aliyeshindwa kutembea aliachwa njiani. Ndui nayo ilisafiri na watu kambi hadi kambi.

Tabora palikuwa mahali ambapo njia hugawanyika: moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Nyanza na Buganda, nyingine kusini-magharibi kuelekea Karema. Wamisionari walikuwa na kituo Kipalapala, ambako walilea watoto waliokombolewa. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1889 kwa sababu ya hatari za wakati ule. Seminari tunayoijua leo mahali hapo ilianza mwaka 1925. Kutoka Tabora msafara wa Atiman ukapita misitu ya Ugalla na kufika ziwani mwanzoni mwa mwaka 1889. Leo msafiri hupanda treni hadi Mpanda kisha akatafuta gari. Kwao ilikuwa miguu mpaka mwisho.

Karema ilikuwa ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879, nao wakawaachia wamisionari mwaka 1885. Ndani ya kuta zile na pembezoni mwake waliishi watu waliokimbia wateka watumwa, kwa sababu kutoka Ujiji Rumaliza na watu wake walikuwa bado na nguvu ziwani. Atiman alikuwa na umri wa miaka 23 hivi. Alikuwa mgeni kabisa: Mwafrika asiyetoka Afrika hii, asiyeijua lugha, aliyesoma Ulaya. Watu wangeweza kumwona kuwa Mzungu mweusi tu. Alijifunza lugha, akaoa Agnes Wansahira, binti wa mtemi wa Wabende, na mtoto wao Joseph akawa padre. Alijifunza pia mitishamba ya wenyeji, akaichunguza na kutumia iliyofaa. Hilo tunalisema kwa msisitizo, kwa sababu wapo wanaodhani kwamba mtu aliyesoma vyuo vikuu lazima azidharau dawa za bibi.

Asubuhi alitibu, na katekesi ilikuwa sehemu ya kazi ileile. Vidonda, homa, ndui, walioumizwa na wanyama au na silaha, wote waliletwa kwake, na palipohitajika kisu alipasua. Mwanzoni mwa karne ya ishirini ukaingia ugonjwa wa malale katika pwani za ziwa. Mwaka 1903 huko Uganda David Bruce, yuleyule wa Malta, alikuwa miongoni mwa walioonesha kwamba malale hubebwa na mbung'o. Hivyo daktari wa kisiwa kile na mwanafunzi wa kisiwa kile wakajikuta wanapambana na adui mmoja kwenye maziwa mawili ya Afrika. Vikaja vita vya kwanza vya dunia, Wabelgiji wakaiteka Tabora Septemba 1916, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakashika nchi. Maaskofu walibadilika Karema, na tabibu akabaki palepale.

Kubaki kwake ndiko tunakokuona kuwa jambo kubwa. Kidonda cha upasuaji hakioneshi siri yake mezani. Siku ya kwanza mshono wote ni mzuri. Wekundu, joto, maumivu na usaha kwa kawaida huanza baada ya siku kadhaa, na ndiyo maana madaktari wa leo wanapohesabu maambukizi humfuatilia mgonjwa kwa siku 30 tangu alipopasuliwa, na kwa muda mrefu zaidi kama amewekewa chuma au kiungo cha bandia. Ndani ya siku hizo 30 mgonjwa wetu amekwisha kurudi kijijini. Kidonda kikioza anakwenda kwenye zahanati ya jirani, au kwa mganga, au anakaa kimya; hospitali iliyompasua inaandika daftarini kwamba aliruhusiwa akiwa na hali nzuri. Haijasema uongo. Haijui tu. Tabibu wa Karema hakuweza kujificha nyuma ya kutojua kwa namna hiyo. Aliyemfunga jeraha Jumatatu alikuwa jirani yake, mwanafunzi wake wa katekisimu, au ndugu wa mkewe, na wangekutana kanisani Dominika, na Dominika iliyofuata, na kwa miaka mingi baadaye. Kovu lililopona na mguu uliopotea vilitembea mbele ya macho yake.

Hospitali kubwa haina kijiji kimoja cha namna hiyo, kwa hiyo inahitaji daftari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati watu 11 kwa kila 100 wanaopasuliwa hupata maambukizi, na barani Afrika akina mama wanaojifungua kwa kisu hufikia hata 20 kwa kila 100. Jirani yetu kaskazini, katika Hospitali ya Bugando mjini Mwanza, iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 250 waliopasuliwa, na mwaka 2011 wakachapisha walichokiona: 65 kati yao walipata maambukizi, yaani 26 kwa kila 100. Msomaji asikimbilie kusema kwamba basi Bugando ni mahali pabaya. Sisi tunaona kinyume. Hospitali iliyohesabu ikatangaza inaweza kuulizwa, inaweza kurekebisha, na mwaka mwingine inaweza kujipima tena. Ile isiyo na tarakimu yoyote inaweza kuwa na 5 au ikawa na 40, na hakuna ajuaye, wala mganga mkuu mwenyewe.

Tarakimu hizo pia zina adabu yake ya kuzisoma. Mtu aliyepasuliwa ngiri akiwa na afya njema, na mtu aliyeletwa siku ya nne kwa mkokoteni utumbo ukiwa umetoboka, hawawezi kuwekwa kapu moja; kidonda cha wa pili kilikwisha kuchafuka kabla ya kisu kukigusa. Hospitali ya misheni inayowapokea maskini waliochelewa itakuwa na hesabu mbaya kuliko zahanati ya mjini inayochagua wagonjwa wepesi, na kama tutalinganisha bila kutenganisha aina za vidonda tutaiadhibu hospitali kwa sababu ya huruma yake. Mbaya zaidi, tutaifundisha iwafukuze maskini ili hesabu ipendeze.

Mambo yanayopunguza maambukizi si ya ajabu, na mengi si ya gharama kubwa. Vyombo vichemshwe kwa mvuke jinsi inavyopasa. Mikono ioshwe. Dawa ya kuua vijidudu itolewe ndani ya saa mbili kabla ya kisu, si kuendelezwa wiki nzima baadaye kwa mazoea. Mgonjwa asinyolewe kwa wembe nyumbani, kwa kuwa wembe huacha mikwaruzo ambamo vijidudu hupata nyumba. Hili wengi wetu hatulijui, na tunawanyoa ndugu zetu kwa nia njema usiku wa kuamkia upasuaji. Na maji yawepo. Chumba cha upasuaji kisicho na maji ya bomba kinamrudisha daktari wa leo kwenye Vienna ya mwaka 1846, hata kama ana shahada tatu. Parokia inayotaka kuisaidia hospitali yake ingeweza kuuliza kwanza habari za tangi kabla ya kuchangia rangi ya ukuta.

Twende tena Karema. Atiman alizeeka akiwa kazini. Mwaka 1946 habari za maisha yake, alizozieleza yeye mwenyewe, zilichapishwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records, jambo ambalo halikuwapata Waafrika wengi wa kizazi chake. Alipewa medali za heshima. Mwaka 1953 Karema ikawa jimbo kamili, na Tabora ikawa jimbo kuu. Penisilini ilikuwa imekwisha kufika Afrika, na madaktari vijana walianza kuamini kwamba habari ya usaha imekwisha. Sasa tunajua kwamba vijidudu vinajifunza kuzishinda dawa, na kwamba sabuni ya Semmelweis haijapitwa na wakati.

Adriano Atiman alifariki dunia Karema mwaka 1956, akiwa na umri wa karibu miaka 90. Ilikuwa imepita miaka 67 hivi tangu msafara ulipomfikisha ziwani.